Kikonkani si lahaja ya Kimarathi, tazameni vitenzi

Mgoa wa Ngara: Nimechoka kuambiwa Kikonkani, lugha yetu ya Goa kule India, ni Kimarathi kilichoharibika. "Alikwenda" kwetu ni *to gelo*, kwao *to gela*. "Mimi" kwetu *hanv*, kwao *mi*. Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi ya India, ilikitambua mwaka 1975, Katiba ya India 1992. Mnabisha nini tena?

Mwalimu Hamza: Ndugu, hapo kwenye *gelo* umeteleza. Mwanamume wa Kimarathi akisema "nilikwenda" husema *mi gelo*, o ile ile. Na l hiyo wameirithi wote. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kilisema *gata*, yaani "aliyekwenda", kikaja kupachikwa kiambishi chenye l. Ndiyo maana *hanvem kam kelem*, "nilifanya kazi", kitenzi kinafuata kazi, hakimfuati mtendaji. Asili yake ni "kazi imefanywa nami". Kimarathi nacho hufanya hivyo.

Mgoa wa Ngara: Nani kateleza? Nyanya yangu alikufa bila kujua neno la Kimarathi! Mwaka 1967 tulipiga kura tukakataa kumezwa na Maharashtra, jimbo la Wamarathi, leo unatumeza kwa sarufi?

Mwalimu Hamza: Sijasema ni lahaja. Nimesema ni ndugu.

Mama Tina: Mimi nimeolewa na Mgoa, nina langu. Wana jinsi tatu: *gelo* ya mume, *geli* ya mke, *gelem* ya kisicho mume wala mke. Mimi nikitoka, mama mkwe husema *ti geli*. Binti yangu wa miaka sita akitoka, *tem gelem*. Mtoto wangu ni kitu?

Mgoa wa Ngara: Shemeji, hayo ni mapenzi! Usitukane lugha ya watu.

Pwani Tupu: Mama Tina, bibi yangu akisema "kitoto changu kimelala" alikuwa ananidharau?

Mama Tina: Bibi yako alisema hivyo kwa wajukuu wote, wa kike na wa kiume. Kwa Wagoa mvulana ni *cheddo*, anapewa *gelo* tangu anatambaa. Msichana ndiye *cheddum*, ndiye *gelem*. Mbona yeye peke yake?

Mwalimu Hamza: Dada ana haki ya kuuliza. Kimarathi msichana ni *mulgi*, na kitenzi chake *geli*.

Mgoa wa Ngara: Mmeona? Tofauti hiyo hapo!

Mama Tina: Kwa hiyo binti yangu ndiye ushahidi wako.