Mrejesho: riwaya fupi za upelelezi kutoka kwa wachapishaji wadogo

Ndugu zangu, niliuliza ni wapi mtu anaweza kuanzia akitaka riwaya fupi za upelelezi na za kutisha, zilizoandikwa kwa Kiswahili na kutolewa nje ya mashirika makubwa. Wengi mlinielekeza kwa Ben Mtobwa, mwandishi aliyeanzisha mwenyewe kampuni ya Heko jijini Dar es Salaam, na ninawashukuru kwa dhati.

Nilipata nakala chakavu ya riwaya yake, Tutarudi na Roho Zetu?, kwa muuza vitabu vya mitumba. Kilichonivutia zaidi ni jinsi Joram Kiango, mpelelezi asiye na cheo serikalini, anavyobeba hofu halisi ya nchi zilizokuwa mstari wa mbele dhidi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Msisimko haukuhitaji kuazimwa London wala New York. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, nayo nimeimaliza.

Ushauri wa kufuata hadithi za mfululizo zinazouzwa WhatsApp pia umezaa matunda, ingawa ubora wake hutofautiana sana na baadhi zinahitaji mhariri. Hata hivyo, mwandishi anayelipwa kwa simu moja kwa moja na wasomaji wake anastahili kuungwa mkono, na mimi ninalipia kila sehemu badala ya kupokea nakala zinazosambazwa bila idhini. Za kutisha bado ninazitafuta. Mwenye kujua nyingine, hasa kutoka Mombasa au Zanzibar, tafadhali anitajie.