Tunakarabati choo na jiko huku tunaishi humo humo, nyumba nzima imechanganyikiwa

Mkaa_Tabata
Wakuu habari zenu. Nyumba ya vyumba vitatu, ya zamani kidogo. Tumefumua choo cha ndani na jiko kwa pamoja, wiki ya tatu hii. Fundi marumaru hawezi kuanza mpaka fundi bomba amalize, fundi bomba kila siku kuna kifaa kimepungua. Vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari na mtoto mmoja ana pumu. Choo cha nje tunachangia na mpangaji wa banda la uani. Bajeti imeshaliwa zaidi ya nusu na ukutani hakuna marumaru hata moja. Mimi na mama watoto tukiongea ni kuhusu saruji au ni ugomvi. Nisimamishe kazi au niendelee? Wenye uzoefu wa site mnapangaje mambo haya mtu asipasuke kichwa?

Msimamizi_wa_Site
Pole sana mkuu. Simamisha jiko leo hii, choo kiendelee. Jiko linahamishika: meza barazani, mtungi wa gesi, mabeseni mawili, maisha yanakwenda. Choo hakihamishiki, na foleni ya asubuhi kwenye choo cha uani ndiyo inayowagombanisha zaidi kuliko hiyo saruji.

Choo cha mita 2 kwa 2.2 kinakwenda hivi: kubomoa siku 2, mabomba na mifereji ya umeme ukutani siku 2, plasta na kusawazisha sakafu kwa mteremko siku 2, halafu unaacha vishike huku unamwagia maji angalau siku tatu nne. Dawa ya kuzuia maji mikono miwili na jaribio lake siku 3. Marumaru siku 3 au 4, grauti (ya kujaza mianya kati ya marumaru) baada ya saa 24, mwisho sinki la choo na shawa siku 1. Hizo ni wiki mbili na nusu vifaa vikiwa ndani. Fundi akikuambia siku tano, kuna hatua ameiruka, na mara nyingi ni ile ya dawa ya maji kwa sababu haionekani.

Kinachoua ratiba ni vitu vidogo. Elbo moja ikikosekana saa nne asubuhi, fundi na saidia wake wamekaa, wewe uko kwenye boda kwenda kununua, na siku imekwisha. Mwambie fundi aandike orodha yote kwa mkao mmoja, kila elbo, tii, soketi, koki na tredi tepu, uongeze mbili mbili za vile vidogo, ukanunue kwenye maduka ya vifaa Gerezani kwa safari moja. Elewana na muuza duka kwamba zisizotumika zitarudi.

Marumaru za ukutani piga hesabu mwenyewe. Mzunguko wa hicho chumba ni mita 8.4, ukipandisha hadi mita 2.1 unapata mita za mraba 17.6. Toa mlango, inabaki 16. Ongeza asilimia 10 za kukata na kuvunjika: 17.6. Boksi la 30 kwa 60 lenye vipande 8 lina mita za mraba 1.44, kwa hiyo maboksi 13. Angalia namba ya toleo ubavuni mwa boksi iwe moja kwa yote. Ukirudi mwezi ujao kuongeza mawili, rangi haitafanana. Gundi, mfuko wa kilo 20 unabandika kama mita 4 za mraba. Ukijumlisha na sakafu ya mita za mraba 4.4, chukua mifuko 6.

Hela ya ufundi igawe kwa hatua, achana na siku: 20 kwa mia kuanza, 25 mabomba yakishajaribiwa, 35 marumaru zikikamilika, na 20 za mwisho baada ya wiki mbili za kutumia choo. Na "hela ya kula" mkubaliane mapema imo au haimo. Hapo ndipo visirani vinapoanzia.

Bomba_Halidanganyi
Naongezea kwenye mabomba, maana yakifunikwa vibaya utavunja marumaru mpya.

Mashine ya kuchomea PPR (mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa joto) iwe nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linakaa kwenye moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Likizidi, plastiki inamwagikia ndani na tundu linaziba nusu, maji ya shawa yanakuja kama machozi. Likipungua, kiungo kinashika kwa juu tu. Na ukishaunga usizungushe! Umeme ukikatika katikati ya kazi, usikubali kiungo kilichochomwa mashine ikiwa vuguvugu.

Kujaribu kwa maji ya simtanki peke yake hakutoshi. Maji ya kimo cha mita 10 ndiyo yanatoa msukumo wa bar 1, kwa hiyo tanki la juu ya mnara wa mita 4 halifiki hata nusu bar. Kiungo kibovu kitavumilia hapo, kisha kitaachia usiku maji ya DAWASA yakija kwa nguvu kwenye laini ya moja kwa moja. Azima pampu ya mkono, peleka bar 10, acha saa nzima. Mshale ukishuka, tafuta kiungo kabla ya plasta.

Sakafu: mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Dawa ya kuzuia maji ikikauka, ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 3, weka alama ya penseli ukutani, rudi kesho yake. Kupungua kidogo ni joto la Dar, ila ukuta wa upande wa pili ukilowa, paka upya.

Da_Usafi
Mkaa, vumbi la kukata marumaru na zege lina silika, hata mapafu mazima hayalipendi. Grinda ikae nje, na maji yamwagwe pale inapokata wakati wa kukata. Mlango wa sehemu ya kazi utundikie nailoni nzito mbili: moja ibandikwe tepu pande zote na kupasuliwa katikati kwa wima, ya pili ining'inie mbele yake. Ndani ya nyumba weka fagio kando, futa kwa tambara bichi; fagio linalirusha tu. Siku za kubomoa na kukata mtoto alale kwa bibi au shangazi, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu saa zote.

Halafu mmoja wenu tu ndiye aongee na mafundi. Baba akisema kioo hapa na mama akisema pale, fundi anafuata aliyesema mwisho na bili inakuja mara mbili. Jumapili pasiwe na fundi.

Mkaa_Tabata
Asanteni sana. Fundi bomba simu haipokei tangu jana na alishachukua nusu ya hela. Na kule sebuleni plasta ina siku kumi, fundi rangi anataka kuanza kesho, anasema masika yanakuja.

Msimamizi_wa_Site
Piga picha kila kiungo, andika vifaa vilivyobaki, mtu wa serikali ya mtaa au jirani ashuhudie. Mpe siku mbili kwa ujumbe wa maandishi. Akija fundi mpya, apige pampu mabomba ya zamani kwanza kabla ya kugusa chochote, la sivyo kila uvujaji utakuwa "wa yule wa mwanzo".

Rangi bado. Bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, tepu pande zote nne, iache usiku kucha. Ukikuta matone ndani, ukuta bado mbichi. Plasta mpya huachwa kama wiki nne. Na ukiona unga mweupe, hiyo ni chumvi, huenda walikandia maji ya kisima. Usiuoshe, maana maji yanairudisha chumvi ndani. Sugua kwa brashi kavu, subiri wiki, sugua tena mpaka isitoke.