Mjomba anayeyusha betri, sasa kiganja kimelegea

Mpwa, Majengo Dodoma
Shikamooni. Mjomba wangu anapasua betri kuukuu za magari nyuma ya nyumba, anayeyusha risasi, yale madini mazito ya ndani ya betri, na kumimina chubwi za nyavu kwa wavuvi wa Mtera. Tangu mavuno ana tumbo la kukata, choo hakitoki, na kiganja cha kulia kinaning'inia. Bibi anasema amerogwa. Nilisikia kuna daktari mwanamke wa Marekani aliyeifuatilia sumu hii. Ni nani?

Muuguzi mstaafu, Kondoa
Marahaba. Ni Alice Hamilton, aliyezaliwa 1869. Mwaka 1897 alihamia Hull House, nyumba ya kuhudumia maskini huko Chicago, akaishi jirani na wahamiaji wa viwandani. Jimbo la Illinois lilipofanya uchunguzi wa magonjwa ya kazini mwaka 1910, yeye alishika upande wa risasi. Alipekua majalada ya hospitali, kisha akabisha hodi majumbani kwa wafanyakazi. Mmoja alikuwa Mpoland, viganja vimelegea kama cha mjomba wako, kazi yake kupaka mabafu enameli, ule utando mgumu unaong'aa. Kiwandani walimwambia daktari hakuna risasi. Ilikuwemo kwenye unga walionyunyizia mabafu yakiwa mekundu kwa moto.

Mpwa, Majengo Dodoma
Lakini mjomba hunawa mikono kila akitaka kula.

Muuguzi mstaafu, Kondoa
Hata wenye viwanda wa enzi zile waliwalaumu wafanyakazi kwa kutonawa. Hamilton akaonyesha kwamba hatari kubwa ni vumbi na moshi wanaovuta. Sabuni haifiki mapafuni, mwanangu. Nikiwa kazini nilimpokea mpiga rangi wa magari mwenye tumbo kama hilo, nikampa dawa ya minyoo akaenda zake. Sikumuuliza anafanya kazi gani. Bado linaniuma. Mjomba aache kuyeyusha leo hii, aende hospitali, aseme kazi yake kabla hajaulizwa, aombe kupimwa risasi kwenye damu.

Mwalimu, Kongwa
Mwaka 1919 Hamilton akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard, na hawakumruhusu kuingia klabu ya wahadhiri! Mwaka 1925 akapinga hadharani risasi kwenye petroli. Huku kwetu Afrika, kusini mwa Sahara, tumekuja kuiondoa miaka ya 2000.

Mpwa, Majengo Dodoma
Bibi amekubali, kesho alfajiri tunaondoka. Mdogo wangu ana miaka mitatu, hucheza palepale kwenye majivu. Naye?

Muuguzi mstaafu, Kondoa
Mbebe naye. Watoto risasi huwaingia upesi kuliko sisi. Na pale uani msifagie pakavu, mwagieni maji kwanza.