Mtoto wa mbwa katafuna mani planti: ni sumu au inawasha tu?

Mkazi_wa_Gungu
Wakuu, habari za jioni. Mtoto wa mbwa wa miezi 3, kilo 5 hivi, ametafuna majani mawili ya mani planti iliyo kwenye ndoo ya udongo barazani, hapa Gungu, Kigoma. Robo saa imepita. Anatoa udenda mwingi, anajikuna mdomo kwa miguu ya mbele, maji ameyakataa. Jirani anasema nimnyweshe mawese atapike. Nimpe? Na mmea niutupe?

Kitalu_Katubuka
Mawese weka pembeni, mkuu. Mbwa aliyewashwa koo hamezi vizuri. Mafuta yakipita njia ya hewa, kesho utauguza nimonia badala ya mdomo. Chumvi usithubutu, hiyo yenyewe ni sumu kwa mbwa ikizidi. Na kutapika hakumsaidii: kilichomchoma kikishuka kitamchoma tena kikipanda.

Mani planti, Epipremnum aureum, ni ukoo mmoja na magimbi. Kile kinachokuwasha koo ukila gimbi bichi ndicho hichohicho: sindano ndogo mno za kalsiamu oksaleti zilizojaa ndani ya jani. Jino likiponda, zinafyatuka na kuchoma ulimi, fizi na kaakaa. Ndiyo maana udenda umeanza papo hapo, na ndiyo maana mbwa wengi huacha baada ya jani moja au mawili. Mbwa kufa kwa kula mmea huu ni nadra.

Fanya hivi: fungua mdomo, toa vipande vyote, hasa vilivyonasa kwenye kaakaa. Futa ulimi na fizi kwa kitambaa safi chenye maji. Kisha chukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake, umwage maji kwa ubavuni mwa mdomo huku kichwa kimeinama chini, maji yatoke nje. Ukimmwagia akiwa ameinua kichwa atayavuta mapafuni. Akitulia, mpe vijiko 2 au 3 vya mtindi usio na sukari. Ukikosa, maziwa ya baridi kidogo tu, mengi yatamharisha.

Udenda hupungua ndani ya saa chache. Ulimi ukivimba, akikoroma au kuhema kwa shida, akitapika mfululizo au akiendelea kukataa maji hadi asubuhi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Diclofenac na panado za nyumbani hapana kabisa.

Mifugo_Mwanga
Naongezea, maana watu huangalia jani wakasahau ndoo. Ndani ya udongo kuna nini? Wapo wanaoweka punje za karbofurani kuua minyoo ya mizizi. Hiyo nayo huanza kwa udenda, lakini haiishii hapo: mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inatetemeka, mkojo na choo vinatoka ovyo, halafu degedege. Ukiona hayo achana na mtindi, usimpe chochote mdomoni. Mbebe upesi kwa daktari pamoja na pakiti ya dawa, anahitaji kuchomwa atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo.

Mkazi_wa_Gungu
Punje hakuna. Ila kuna vichwa vya dagaa, vilifukiwa kama mbolea. Nimemsafisha, kuna kipande kilikuwa kimenasa juu. Mtindi kalamba.

Mifugo_Mwanga
Mwizi kapatikana! Alifuata dagaa, jani likawa njiani. Vifukue vyote, vikaoze kwenye shimo la mboji lenye mfuniko.

Kitalu_Katubuka
Mmea usiutupe, ning'iniza. Funga ndoana kwenye boriti, na matawi yakate yasishuke chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni. Mani planti hurefuka haraka, kwa hiyo utakata tena na tena. Kunyunyiza pilipili kwenye majani ni ukatili, inaingia machoni. Huyu yuko umri wa kubadilisha meno, atatafuna mpaka miezi 6 au 7. Mpe kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa kwenye friza, ukiwa unamwangalia asikimeze.

Ukitaka mmea wa kukaa chini, weka chlorophytum, ule wa majani membamba yenye mstari mweupe unaotoa vitoto vinavyoning'inia. Huo hauna sumu kwa mbwa. Dieffenbachia ni ukoo wa mani planti, na huchoma zaidi. Wa kuogopa kweli ni saikasi, ule unaofanana na mnazi mfupi, unaopendwa mbele ya ofisi na hoteli. Mbegu yake moja au mbili zinaweza kumuua mbwa kwa kuharibu ini, na anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza. Akiila usingoje dalili.

Matawi utakayokata usiyaache uani. Yakinyauka bado yanawasha.