Tupeane uzoefu: Brauza imepotea au imegoma kwenye kompyuta ya zamani, ulitokaje?

Isevya Kwetu: Wakuu, habari za jioni. Kompyuta ya stesheneri ya mama hapa Isevya, Tabora, inatumia Windows 7 na tangu Ijumaa haina brauza, yaani programu ya kufungulia tovuti. Mdogo wangu alikuwa anaipunguzia mzigo, akafuta Chrome. Ile "e" ya bluu, Internet Explorer, nayo haionekani. Intaneti ipo, maana antivirusi inajisasisha. Sasa nishushe brauza kwa kutumia nini? Aliyepitia hili aseme.

Fundi Kanyenye: Piga Windows upya, umemaliza.

Mama Ujiji: Usikimbilie huko mwanangu. Mimi nilipigiwa Windows upya, kazi za wateja za miaka mitatu zikaondoka zote.

Fundi Kanyenye: Shikamoo mama. Hilo ni kosa la aliyekupigia. Kuhamisha faili ndiyo kazi ya kwanza.

Mama Ujiji: Marahaba. Hakuhamisha.

Mwanga Sokoni: Mada hii imenirudisha mwaka 2021. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye stesheneri moja pale Mwanga, Kigoma, na ilikuwa siku ya mwisho ya maombi ya mkopo wa chuo. Mnaijua siku hiyo. Benchi limejaa, wengine wamekaa kwenye ngazi, bahasha za vyeti mapajani. Saa kumi na moja jioni umeme ukakatika, ukarudi baada ya muda mfupi. Nikafungua Chrome, kila ukurasa inasema muunganisho si salama. Hata Google! Nikajua Chrome imeharibika, nikaifuta ili niiweke upya. Kwenda kuishusha kwa Internet Explorer, nayo inakataa vilevile. Nikabaki sina brauza ya kufanyia kazi hata moja, na foleni ya watu kumi na wanne.

Kulikuwa na binti kaja na baba yake kutoka Buhigwe. Mzee kashika kofia mikononi, haulizi kitu, anatazama vidole vyangu tu. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa modemu, nikachomeka upande wa pili. Nikanunua bando jingine kwa hela yangu. Saa mbili usiku yule binti akanyoosha kidole kwenye kona ya chini ya kioo: "Kaka, mbona hapa ni mwaka 2009?"

Betri ya saa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, ilikuwa imekufa, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Umeme ukikatika, tarehe inarudi nyuma. Na cheti cha usalama cha kila tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta ikiamini ni 2009, inaona vyeti vyote havijaanza kazi, inavikataa. Nikarekebisha tarehe, Explorer ikafunguka, Chrome ikashuka. Binti alituma maombi saa tano na dakika arobaini usiku. Lakini wawili walishaondoka, na hao wananiuma hadi leo.

Gungu: Walipata mkopo hao wawili?

Mwanga Sokoni: Sijui. Sikuchukua namba zao.

Mnyamwezi Halisi: Kigoma mwisho wa reli, hata mwaka unafika umechelewa 😄

Mwanga Sokoni: Mtani, leo si siku yake.

Gungu: Isevya, angalia saa kwanza. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika optionalfeatures, bonyeza Enter. Ukiona Internet Explorer haina tiki, iwekee, washa upya. Itarudi.

Kasulu Mjini: Ikirudi haitamfaa, kurasa nyingi za sasa haizisomi. Achukue Chrome 109, ndiyo ya mwisho kwa Windows 7. Kuanzia 110, Februari 2023, wanataka Windows 10. Ishushe kwa simu, lile faili zima, siyo dogo linalohitaji intaneti tena. Hamisha kwa waya.

Sikonge: Brauza ya Firefox 115 ESR, toleo la kudumu muda mrefu, ni bora. Au weka Linux badala ya Windows uachane na hayo yote.

Kasulu Mjini: Linux kwa mama wa stesheneri? Wateja wanamsubiri.

Gungu: Chochote utakachoweka, mambo ya benki usifanyie humo. Windows 7 yenyewe haipati viraka vya usalama tangu Januari 2020.

Isevya Kwetu: Asanteni sana. Tarehe iko sawa. Explorer imerudi ila Google haifunguki vizuri. Nimeshusha Chrome 109 kwa simu, nikiibonyeza inasema si programu sahihi ya Win32.

Fundi Kanyenye: Umeshusha ya biti 64, Windows yako ni ya biti 32, haziendani.

Isevya Kwetu: Bando nimebakiza MB 40.

Fundi Kanyenye: Njoo Kanyenye na flashi, ninayo ya biti 32. Windows hatuigusi.

Mama Ujiji: Na faili hamisha kabla hujagusa kitu.

Isevya Kwetu: Nahamisha sasa hivi mama. Fundi, nisubiri kabla hujafunga.