DVD ya "Who Killed Captain Alex?" inayouzwa Mwanza: ina thamani kwa mkusanyaji?

Mkazi wa Nyakato:
Habari zenu, ndugu. Hapa mjini nimeonyeshwa DVD ya "Who Killed Captain Alex?", ile filamu ya mwaka 2010 ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, inayosemekana kugharimu chini ya dola 200, ambayo ndani yake watu wanapigana kungfu kwa kuchekesha huku helikopta zilizochorwa kwa kompyuta zikiulipua mji. Muuzaji anadai ililetwa kutoka Uganda enzi waigizaji wenyewe wakiitembeza mkononi, na bei yake inatisha. Nitathibitishaje?

Fundi deki, Kirumba:
Kwa kawaida ningekuambia uigeuze: upande wa chini ukiwa na rangi ya zambarau, diski imechomwa kwa kompyuta, ukiwa wa fedha tupu, imetoka kiwandani. Kipimo hicho kinafaa kwa filamu za Hong Kong, lakini hapa hakisaidii, kwa sababu hata nakala halali za Wakaliga zilichomwa nyumbani, na mwizi wa kazi za watu hutumia diski tupu zilezile. Muulize imepitia mikononi mwa nani. Akibabaika, mlipe bei ya diski ya kawaida.

Dada wa Bukoba:
Naongeza kwamba usihangaike kutafuta nakala isiyo na sauti ya VJ, yaani mtangazaji anayetia maneno na utani juu ya filamu. Nabwana alifuta mafaili ya awali ili apate nafasi ya kazi nyingine, kwa hiyo lililosalia ni toleo lenye utani wa VJ Emmie. Kwetu tuliokulia vibanda umiza tukimsikiliza Lufufu, VJ wetu wa Tanzania, hiyo si kasoro hata kidogo! Ukitaka picha nzuri, American Genre Film Archive, hifadhi ya filamu ya Marekani, iliitoa kwa Blu-ray pamoja na "Bad Black", filamu nyingine ya Nabwana, na YouTube inatazamwa bure.

Mkazi wa Nyakato:
Ahsante, dada. Muuzaji amebabaika kweli, ila kava lake la karatasi ya printa limenivutia.

Fundi deki, Kirumba:
Basi inunue kwa ajili ya kava, kwa bei ndogo, na uihamishie kwenye kompyuta mapema, maana rangi inayobeba data katika diski za kuchoma huharibiwa na joto na mwanga, na hiyo sijui imekaa juani muda gani.