Mjadala: Droni ikiwa bahari kuu, ndege ya kivita ina haki ya kuigusa?

Juzi baada ya Alasiri, kwenye baraza letu la kahawa hapa Ngamiani, Tanga, kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha ile video ya sekunde 42 iliyotolewa na Marekani Machi 2023. Wengi wetu tuliisikia tu wakati ule, hatukuwahi kuitazama hadi mwisho. Kamera imefungwa kwenye droni ya upelelezi ya Marekani aina ya MQ-9, ndege isiyo na rubani ndani, inatazama nyuma, na propela iko mkiani inazunguka. Su-27, ndege ya kivita ya Urusi, inatokea kwa mbali, inakuja, inakuja, mara inaanza kumwaga mafuta kama ukungu mweupe, kisha inapita juu kwa kasi. Inarudi tena. Safari hii picha inakatika. Inaporejea, ubapa mmoja wa propela umepinda. Kijana akaisimamisha picha hapo hapo, simu ikazunguka mkono kwa mkono na kahawa ikapoa.

Mzee wetu mmoja, nahodha wa jahazi aliyestaafu, akasema: "Mtu akija kukuchungulia dirishani, utamkaribisha kahawa? Unamwagia maji, na asipoondoka unamtia adabu." Kijana akamjibu kwa heshima: "Shikamoo yako mzee wangu, lakini huyu hakuwa dirishani. Alikuwa barabarani." Tukaadhiniwa Magharibi hatujaelewana, ndiyo maana naufungua mjadala huu.

Msimamo wangu nautanguliza. Ndege ya kivita ina haki ya kuisogelea droni juu ya bahari kuu (hapa nina maana ya bahari yote iliyo nje ya maili 12 za nchi yoyote), kuifuata, kuipiga picha, hata kuisindikiza kutwa nzima. Haina haki ya kuigusa, kuimwagia kitu, wala kuikatia njia. Na sisi watu wa mwambao tuna sababu kubwa ya kulishikilia hilo kuliko wakubwa wenyewe.

Madai ya pande mbili ni haya. Marekani ilisema tarehe 14 Machi 2023 droni yake ilikuwa juu ya Bahari Nyeusi, katika anga la kimataifa, Su-27 mbili zikaizunguka zaidi ya nusu saa, moja ikaigonga propela, na waongozaji wakalazimika kuiangusha baharini. Urusi ilikana kuigusa. Ilisema droni ilizima transponda, yaani kile chombo cha kuitambulisha ndege kwa wengine, ikaingia eneo ambalo Urusi ilishatangaza kuwa la operesheni yake ya kijeshi, ikakata kona kali, ikapoteza mwinuko na kuanguka yenyewe. Mimi nikiutazama ule ubapa uliopinda, naamini ya kwanza. Lakini hata tukiichukua ya pili yote kama ilivyo, swali linabaki: nani aliipa Urusi mamlaka ya kutangaza kipande cha bahari kuu kisha ikamwadhibu anayepita? Sheria ya bahari inasema wazi kwamba hakuna dola inayoweza kudai bahari kuu iwe chini ya mamlaka yake. Unaweza kutoa tahadhari kwamba mahali fulani pana hatari. Kufunga njia ni jambo jingine.

Hapo nahodha akatoa hoja yake nzito kuliko zote, na sitaki kuipita. Alisema Marekani yenyewe haijauridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Inausoma pale inapotaka kupita, inaukunja pale inapotakiwa kufungwa nao. Ni kweli, na ni aibu. Tena akauliza, droni inayokaa angani zaidi ya saa 20 ikisikiliza mawasiliano ya nchi iliyo vitani, hiyo ndiyo "matumizi ya amani" ya bahari yanayotajwa na mkataba? Sina jibu la kumridhisha. Ila namwambia hivi: haki ya kupita haikuwekwa kwa ajili ya Marekani peke yake, na ikivunjwa haitavunjika kwa Marekani peke yake.

Tazameni historia yetu. Mwaka 1973 Tanzania ilijitangazia bahari iliyo chini ya mamlaka yake hadi maili 50 za baharini, yaani karibu kilometa 93 toka ufukweni. Tulikuwa na sababu, meli za wageni zilikuwa zinavua zitakavyo. Kisha ukaja mkataba wa 1982, tukauridhia mwaka 1985, na kwa sheria ya 1989 tukarudi kwenye maili 12 kama wengine. Tuliachia maili 38. Hatukuziachia bure: tulipata ukanda wa uchumi wa maili 200, samaki wake na kilicho chini ya sakafu yake, na tukakubali kwamba nje ya zile 12 meli na ndege za wengine zinapita. Hayo yalikuwa makubaliano ya kushikana mikono, na watu wetu walikuwamo. Jaji Joseph Warioba alikaa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg kuanzia 1996 hadi 1999, na Jaji James Kateka akaingia humo 2005. Sasa mwenye ndege za kasi akijichorea mpaka wake baharini kwa nguvu, anakula katika makubaliano ambayo sisi tumeshalipa sehemu yetu. Yeye anaweza kulinda mstari wake kwa Su-27. Sisi mstari wetu mashariki ya Pemba unalindwa na nini, kama si karatasi ile ile?

Jambo la pili ni la ufundi, na naona watu wengi hulirukia juu juu. Kwa ndege ya abiria au ya jeshi yenye rubani, utaratibu wa kusimamishwa angani unajulikana dunia nzima. Anayekusimamisha anakuja mbele yako upande wa kushoto, anatikisa mabawa, nawe unatikisa yako kuonyesha umeelewa, na mnaongea kwenye masafa ya redio ya dharura ya 121.5 MHz. Watu wawili wanaonana kwa macho. Droni haina macho hayo. Mwongozaji wake amekaa kwenye chumba, pengine bara jingine, anaitazama dunia kupitia kamera kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na picha inapita kwenye satelaiti kabla ya kumfikia. Kinachokuja toka ubavuni hakioni. Akikiona, amri yake ya kukwepa inafika imechelewa. Kwa hiyo mwenye Su-27 anayepita mita chache toka kwenye droni hachezi na mwenzake anayeweza kumpisha. Anacheza na kitu kisichojua kama yeye yupo. Usalama wote uko mikononi mwake yeye mmoja, na mwenye kuona ndiye mwenye wajibu wa kukaa mbali.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenipata baharini. Tulikuwa kwenye mashua ya mjomba, upande wa Kigombe, usiku, nyavu ziko majini, karabai inawaka. Boti kubwa ya injini mbili ikaja ikatuzunguka. Haikutugusa hata kidogo. Ilizunguka mara tatu kwa kasi, na mawimbi yake yakaingia ubavuni mpaka karabai ikazimika na sote watano tukabaki tunafua maji gizani, mmoja kwa ndoo, mmoja kwa kopo la rangi, na mimi kwa mikono. Ilipoondoka, nyavu pande mbili zilikuwa zimekatika. Waliokuwamo wangeweza kuapa kwamba hawakutugusa, na wangekuwa wanasema kweli. Tangu siku hiyo neno "hatukuigusa" halinitoshi. Machi 2023 walimwaga mafuta. Julai mwaka ule ule, angani Syria, ndege za Urusi ziliangusha fataki za mwanga zenye parashuti mbele ya MQ-9, na fataki moja ikaiharibu propela. Mkono haukugusa, chombo kikaharibika.

Wapo pale barazani waliosema, "Ah, bati tu lile, hakuna aliyekufa." Hii ndiyo hoja inayonitisha kuliko zote, kwa sababu inasikika ya huruma. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani yenye watu 24 iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina, Wang Wei, akafa, na wale 24 wakazuiliwa China siku 11. Hakuna aliyeita bati. Kwa droni, kila upande unajipa ruhusa ya kusogea zaidi, eti hakuna roho ndani. Lakini ndani ya Su-27 mna roho. Na Juni 2019, Iran ilipoitungua droni kubwa ya Marekani karibu na Mlango-bahari wa Hormuz, kila mmoja akidai ilikuwa upande wake wa mstari, Rais Trump alisema mwenyewe kwamba mashambulizi ya kulipiza yalikuwa tayari na aliyasimamisha dakika 10 kabla, alipoambiwa watu 150 wangekufa. Watu 150 kwa bati. Na Hormuz ni njia ya mafuta. Vita vikiwaka pale, mvuvi wa Sahare atasikia bei kwenye galoni la petroli la injini yake kabla hajasikia habari redioni.

Nahodha alinibana mwisho kabisa, na swali lake ni la haki. Alinyoosha kidole kuelekea Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta la kilometa 1,443 toka Hoima, Uganda, akasema: "Siku droni ya wageni ikija kuelea maili 13 toka Pemba, ihesabu meli zetu za mafuta moja moja, utasema nayo ipite?" Nitasema ipite, moyo ukiniuma. Nitataka ndege yetu iende ikae ubavuni mwake kwa umbali wa heshima, ipige picha namba zake, balozi wa wenye nayo aitwe Dodoma kesho yake asubuhi, na picha zitolewe magazetini dunia ione. Ikivuka maili 12 bila ruhusa, hapo imeingia nyumbani. Mkataba wa Chicago wa 1944 unakataza ndege isiyo na rubani kupita juu ya nchi ya mtu bila idhini, na hapo sina ubishi na mtu.

Basi anayesimama na nahodha anijibu hili, na ajibu kwa maili, si kwa hasira: kama 12 hazitoshi kumzuia anayechungulia, mstari uwe wapi? Na mwenye ndege nyingi kuliko sisi akiusogeza mpaka wake ukatukute tuko kwenye nyavu, nani atamwambia arudi?